Nafasi ya Kushindwa: Fuvu la Mkwawa, Kipunji wa Rungwe na Falsafa ya Mbinu za Utafiti

Ikisiri

Makala haya yanatetea hoja kwamba nguvu ya ushahidi wa kisayansi haitokani na wingi wa vipimo wala usahihi wa hesabu, bali na jinsi hitimisho lilivyopewa nafasi ya kushindwa kabla ya kukubaliwa. Hoja inajengwa kwa kulinganisha matukio mawili ya utambuzi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: uteuzi wa fuvu lililorudishwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954 kuwa la Mtwa Mkwawa, na kutambuliwa kwa kima aitwaye kipunji katika misitu ya Rungwe na Ndundulu kati ya mwaka 2003 na 2005. Tukio la kwanza lilikuwa na vipimo, lakini utaratibu wake haukuweza kutoa jibu la “hapana”. La pili lilianza na masimulizi ya wawindaji na picha, lakini kila hatua yake iliwaachia wengine njia ya kuikanusha. Makala yanajibu pingamizi nne na kupendekeza namna ya kufundisha na kutahini mbinu za utafiti.

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vikuu, swali la mbinu za utafiti mara nyingi hupewa jibu kabla halijaulizwa. Sura ya tatu ya tasnifu ina mpangilio uliozoeleka: usanifu wa utafiti, eneo la utafiti, ukubwa wa sampuli uliokokotolewa kwa fomula ya Yamane, hojaji, programu ya kuchakata takwimu, kisha aya moja kuhusu uhalali na uthabiti wa data. Hakuna ubaya katika vipengele hivyo kimoja kimoja. Ubaya umo katika imani iliyo nyuma yake, kwamba utafiti huwa wa kisayansi pale unapotumia vifaa vinavyofanana na vya sayansi, hasa vifaa vinavyotoa namba. Kwa imani hiyo, hojaji yenye majibu 384 ina hadhi kubwa kuliko mahojiano na wazee wanne, na kipimo cha milimita kina hadhi kubwa kuliko neno la mkulima. Swali la msingi huachwa nje: je, utaratibu huu ungeweza kutuambia kwamba tumekosea, endapo kweli tumekosea?

Swali hilo lina historia ndefu katika falsafa ya sayansi. Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alisema kinachoitofautisha sayansi na mambo mengine ni kukanushika kwa madai yake. Deborah Mayo ameliboresha wazo hilo kwa kusema kwamba dai hupata nguvu pale tu linapofaulu jaribio kali, yaani jaribio ambalo dai hilo lingekuwa na uwezekano mkubwa wa kulifeli kama lingekuwa la uongo. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kanuni hiyo ya uwanjani inalihusu dai la kisayansi kwa ukamilifu wake: dai lililoingizwa katika shindano lisiloweza kulishinda halijashinda kitu. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba kanuni hiyo si nadharia ya mbali. Imo katika historia ya Iringa na Mbeya, na huko inaonekana kwa uwazi usiopatikana katika vitabu vingi vya kiada.

Fuvu lililochaguliwa Bremen

Tarehe 19 Julai 1898 Mtwa Mkwawa wa Wahehe, ambaye jeshi lake lilikuwa limeuangamiza msafara wa Emil von Zelewski huko Lugalo mwezi Agosti 1891, alijipiga risasi Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani, katika ibara ya 246, ilikabidhi fuvu hilo kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, na miongo ikapita. Ni Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, aliyelifufua suala hilo na kufika katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Mkusanyiko wa huko ulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu yaliyokaribiana kwa vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai yalitengwa. Kati ya hayo, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililokabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, huko Kalenga mwaka 1954.

Kwa macho ya haraka, utaratibu huu unapendeza. Una kundi la kuanzia lenye idadi inayojulikana, una kipimo, una kulinganisha na ndugu wa damu, na una alama ya pekee inayopatana na taarifa za kifo. Mwanafunzi anayeandika sura ya tatu angeweza kuueleza bila kubadili vichwa vidogo. Kipimo kilichotegemewa, fahirisi ya kichwa, ni upana wa fuvu ukigawanywa kwa urefu wake na kuzidishwa kwa mia, na mtu yeyote mwenye kalipa anaweza kukirudia. Lakini kurudiwa kwa kipimo si kuthibitishwa kwa dai. Fahirisi ya kichwa hufanana kwa watu wengi mno wasio na udugu wowote, kwa hiyo inaweza kusaidia kuliondoa fuvu fulani katika orodha, lakini haiwezi kutambulisha mtu mmoja. Tena kipimo cha kichwa cha mtu hai, chenye ngozi na misuli, si sawa na kipimo cha mfupa mkavu. Na tundu la risasi, katika mkusanyiko uliotokana kwa sehemu na vita vya ukoloni, si alama ya nadra kama inavyodhaniwa.

Tufanye hesabu ya kielelezo, bila kudai kwamba ndizo namba halisi za Bremen. Tuseme fuvu moja katika kila kumi linaangukia ndani ya vipimo vya ukoo wa Mkwawa kwa bahati tu. Kati ya mafuvu 84 tutapata karibu manane. Tuseme pia kwamba fuvu moja katika kila kumi lina tundu la risasi. Uwezekano wa kupata angalau moja lenye tundu kati ya hayo manane ni takriban asilimia 57. Maana yake ni kwamba hata kama kichwa cha Mkwawa hakikuwahi kufika Bremen, utaratibu huu ungetupatia “fuvu la Mkwawa” zaidi ya nusu ya nyakati ambazo ungetumika. Tukibadilisha makadirio, asilimia itapanda au itashuka, lakini umbo la tatizo halibadiliki. Utaratibu uliuliza ni lipi kati ya haya ni lake. Haukuuliza kama lake limo humu. Katika orodha ya majibu yanayowezekana, jibu la “hakuna hata moja” halikuwapo, na utaratibu usio na jibu hilo hauwezi kutofautisha kupata na kubahatisha.

Ni muhimu kusema hoja hii inafika wapi na inaishia wapi. Haisemi kwamba fuvu lililopo Kalenga si la Mkwawa. Inasema kwamba utaratibu uliotumika hauwezi kutujulisha kama ni lake. Wala haigusi uzito wa kurudishwa kwake. Kurudi kwa fuvu kulikuwa kukiri hadharani, mbele ya watu wa Iringa, kwamba dhuluma ilitendeka, na uzito huo hautegemei fahirisi ya kichwa. Kinachoguswa ni namna ya kufikiri iliyovaa vazi la kipimo ili isiulizwe maswali. Gavana alihitaji fuvu, ukoo ulihitaji fuvu, na makumbusho yalikuwa na mafuvu. Kila mhusika alikuwa na sababu ya kutamani jibu la “ndiyo”, na hapakuwa na hatua hata moja iliyokuwa na kazi ya kutafuta “hapana”.

Kima aliyetambuliwa mara mbili

Nusu karne baadaye, katika wilaya ya Rungwe, watafiti wa Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori, WCS, wakiongozwa na Tim Davenport walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aishiye juu ya miti, aitwaye kipunji. Masimulizi ya wawindaji yalichanganya wanyama wa kweli na wanyama wa kiroho, na kwa sababu hiyo haikuwa rahisi kujua kipunji yumo katika kundi lipi. Mei 2003 kima huyo alionekana kwa kufumba na kufumbua tu, na Desemba mwaka huohuo akaonekana vizuri kiasi cha kutambuliwa kuwa spishi mpya. Julai 2004, kiasi cha kilomita 350 kutoka hapo, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa upande wa Iringa, timu ya Trevor Jones ilimwona kima wa aina hiyohiyo bila kujua kilichokuwa kimeonekana Rungwe. Timu hizo mbili zilipopata habari, kila moja ya mwenzake, ziliandika pamoja. Mei 2005 jarida la Science lilichapisha maelezo ya spishi mpya, Lophocebus kipunji, na miongoni mwa waandishi walikuwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Ushahidi wa mwanzo ulikuwa mwembamba. Hapakuwa na ngozi, fuvu wala damu. Kielelezo rasmi cha spishi kilikuwa mnyama aliyepigwa picha, si mzoga uliohifadhiwa kabatini. Wanataaluma kadhaa wa uainishaji walipinga katika jarida hilohilo, wakisema spishi isiyo na kielelezo kinachoshikika haijaelezwa ipasavyo. Waandishi walijibu kwamba kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaruhusu mnyama aliyeonyeshwa kwenye picha awe kielelezo, na kwamba kumuua mnyama adimu kwa ajili ya kabati la makumbusho si jambo la kutetewa. Kwa hoja ya makala haya, jambo la kutazama si nani alishinda mabishano hayo. Ni kwamba mabishano yaliwezekana. Dai lilichapishwa pamoja na udhaifu wake, mahali ambapo watu wasio na maslahi ya kulikubali wangeweza kulishika na kulivuta.

Na likavutwa. Agosti 2005 kipunji mmoja, dume ambaye hajakomaa, alikutwa amekufa katika mtego shambani karibu na Mlima Rungwe, na mwili wake ukapelekwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Kumweka kipunji katika jenasi ya Lophocebus, pamoja na mangabei, kulikuwa na utabiri ndani yake: vinasaba vikipatikana, vitaegemea upande wa mangabei hao. Havikuegemea huko. Vilionyesha ukaribu mkubwa zaidi na nyani, ingawa umbo la fuvu halikuwa la nyani. Mwaka 2006 Davenport, Mpunga, Machaga na wenzao, baadhi yao wakiwa walewale walioandika mwaka uliotangulia, walichapisha marekebisho na kuunda jenasi mpya, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Dai lao la kwanza kuhusu jenasi lilishindwa hadharani, na walioliandika walishiriki kulishinda. Dai kwamba huyu ni kima wa pekee, tofauti na wote waliojulikana, lilitoka katika jaribio hilo likiwa na nguvu zaidi.

Linganisha sasa matukio haya mawili. Bremen ilikuwa na vipimo. Rungwe ilianza na neno la mwindaji. Lakini neno la mwindaji lilikuwa na sifa ambayo vipimo vya Bremen havikuwa nayo: lilikuwa na njia ya kuonekana si kweli. Lilitaja msitu na lilitaja tabia, na yeyote angeweza kwenda, kukaa miezi, na kurudi bila kitu. Kisha ukaja ushahidi wa Ndundulu, ambao haukutegemea ule wa Rungwe, na ambao haukuwa na sababu ya kukubaliana nao kama haukuwa wa kweli. William Whewell, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 19, aliona kwamba mikondo ya ushahidi isiyotegemeana inapokutana penye jibu moja, hutupa uhakika ambao mkondo mmoja, hata uwe mpana vipi, hauwezi kuutoa. Bremen ilikuwa na mkondo mmoja uliorudiwa: vipimo vilichuja, tundu likachuja tena, na hakuna chanzo cha pembeni kilichoulizwa kama kinakubali.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba ulinganisho huu si wa haki. Twining alikuwa mtawala anayetekeleza kazi ya kisiasa. Hakudai kuwa mwanasayansi. Jibu ni kwamba dai lililotolewa lilikuwa dai la ukweli kuhusu mfupa fulani, na liliegemezwa juu ya kipimo cha kisayansi ili likubalike. Anayeazima mamlaka ya sayansi anaazima pia wajibu wake. Zaidi ya hapo, kosa la Bremen linatendwa kila siku na watafiti halali. Anayechunguza mchango wa mikopo midogo kwa maendeleo ya wanawake kwa kuwahoji wanawake ambao vikundi vyao bado viko hai, bila kuwatafuta ambao vikundi vyao vilivunjika, ameuliza ni yupi kati ya hawa amefaidika. Sampuli yake inaweza kuwa kubwa na hesabu zake safi, lakini jibu la “mikopo haikusaidia” alilifungia mlango kabla ya kutoka ofisini.

Pingamizi la pili linasema kwamba kipunji ni bahati. Timu mbili kukutana na mnyama mmoja katika misitu miwili bila kupanga ni jambo zuri, lakini mtu hawezi kuandika bahati katika pendekezo la utafiti. Hili ni kweli kwa tukio la Ndundulu, lakini si kweli kwa kanuni. Nafasi ya kushindwa inaweza kupangwa, na Mbeya yenyewe ina mfano. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya kilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyoshiriki jaribio la dawa za kifua kikuu lililochapishwa mwaka 2017, likiwa na wagonjwa 365. Michanganyiko minne mipya ya dawa ililinganishwa na tiba ya kawaida, na kabla ya kuanza iliandikwa kwamba matokeo yatatazamwa katikati ya safari, na mchanganyiko usiofikia kiwango kilichowekwa utaondolewa. Miwili iliondolewa. Mmoja, wenye kipimo kikubwa cha rifampisini cha miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa badala ya 10, uliharakisha kutoweka kwa vimelea katika makohozi yaliyooteshwa kwenye kimiminika. Kwenye kioteshi kigumu tofauti haikuonekana, na watafiti wakaliandika hilo pia. Hapa hakuna bahati. Kuna watu waliokubaliana mapema, kwa maandishi, ni matokeo gani yatawafanya waache wanachokitumaini.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linatoka ndani ya falsafa ya sayansi yenyewe. Pierre Duhem alieleza mwaka 1906 kwamba jaribio haligongi dai moja peke yake; hugonga dai pamoja na dhana zote zinazolibeba. Matokeo yakienda kinyume, mtafiti anaweza daima kuitupa dhana ya pembeni na kuliokoa dai lake. Historia ya kipunji yaonekana kuthibitisha hivyo. Mwaka 2009 tafiti mbili zilionyesha kwamba vinasaba vya mitokondria vya kipunji wa Rungwe havikuwa karibu na vya nyani tu, bali viliingia ndani kabisa ya ukoo wa nyani, jirani na nyani wa manjano wa kusini mwa Tanzania. Kwa kusoma harakaharaka, jenasi mpya ilipaswa kufa hapo: kipunji ni nyani. Badala yake ilielezwa kwamba zamani nyani na kipunji walizaliana, na mitokondria, ambayo hurithiwa kwa mama peke yake, ikavuka kutoka kwa nyani. Je, huku si kukwepa kushindwa? Je, Twining naye hangeweza kuokoa fuvu lake kwa namna hiyohiyo, kila ushahidi mpya ukija?

Tofauti iko katika kile ambacho uokoaji unakifungua. Imre Lakatos alitufundisha kupima marekebisho ya nadharia kwa kuuliza kama yanaongeza utabiri mpya unaoweza kushindwa, au yanaziba nyufa tu. Maelezo ya uzazi mseto yalikuwa na gharama. Kama mitokondria ilivuka mahali fulani na wakati fulani, basi kulikuwa na uwezekano kwamba kundi lililotengana na Rungwe lingekuwa na mitokondria isiyo ya nyani. Ndundulu ilikuwapo, na ingeweza kusema “hapana”. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulichunguza vinasaba vya kipunji wa Ndundulu na kukuta kwamba kundi hilo halikuwa na ile mitokondria iliyotoka kwa nyani. Dhana ilifaulu mahali ambapo ingeweza kufeli. Matokeo hayo yana uzito nje ya maabara. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuwa imehesabu kipunji 1,117 kwa jumla, na kati yao 75 tu walikuwa Ndundulu. Wachache hao ndio wanaobeba mkondo wa mitokondria wa asili wa spishi nzima, na mhifadhi anayepanga wapi apeleke walinzi anapaswa kulijua hilo. Kwa hiyo jibu kwa Duhem si kwamba dai haliwezi kuokolewa, bali kwamba kila uokoaji lazima ulipiwe kwa hatari mpya. Uokoaji usiolipiwa ni ukaidi.

Pingamizi la nne linahusu mamlaka. Msomaji aweza kusema kwamba kipimo hiki cha “nafasi ya kushindwa” ni kipimo cha kigeni, na kwamba kwa jina lake elimu ya wenyeji imedharauliwa. Pia aweza kuuliza kinyume chake: ikiwa neno la mwindaji wa Rungwe linasikilizwa, kwa nini lisisikilizwe neno la maelfu waliokunywa kikombe cha dawa huko Loliondo mwaka 2011 na kusema wamepona? Maswali haya mawili yana jibu moja. Kinachopimwa si nani anasema, bali ni kama neno lake linaelekeza mahali pa kulihakiki. Wawindaji walielekeza msituni. Ushuhuda wa kikombe ulihesabu waliorudi wakifurahi, lakini haukuwa na orodha ya wote waliokunywa, wala vipimo vya kabla na baada, wala habari za waliozidiwa au waliokufa nyumbani. Ulikuwa na umbo la Bremen: nyenzo zote za kusema “ndiyo”, bila njia ya kusema “hapana”. Hivyo kipimo hiki hakimpendelei msomi dhidi ya mwenyeji. Kilimwinua mwindaji wa Kinyakyusa, na kinampunguzia hadhi gavana mwenye kalipa.

Katika pingamizi hilo kuna ukweli unaopaswa kubaki. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alionyesha kwamba sayansi barani Afrika ilipangwa kama uchumi wa kikoloni: malighafi hukusanywa huku, nadharia hutengenezwa kwingine. Fuvu lilichaguliwa Bremen, na mwili wa kipunji umehifadhiwa Chicago. Tukishikilia hoja ya makala haya, hili ni tatizo la haki na ni tatizo la mbinu pia. Dai huwa na nafasi ya kushindwa kwa kadiri watu wenye uwezo wa kulishinda wanavyoweza kukifikia kilichotumika kulijenga. Upimaji wa mafuvu ulidumu kama sayansi ya kikoloni kwa sababu, pamoja na mengine, waliopimwa hawakuwa na nafasi ya kumjibu mpimaji. Vielelezo, data na maabara vikiwa mbali na Mbeya na Iringa, watu wanaoijua misitu na historia hiyo kwa undani zaidi huondolewa katika orodha ya wanaoweza kukanusha, na dai hubaki dhaifu hata kama limechapishwa katika jarida kubwa. Kujenga uwezo wa kuchambua vinasaba katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au kuweka nakala za data za kipunji katika Chuo Kikuu cha Iringa, ni kuimarisha ushahidi wenyewe.

Hitimisho

Hoja iliyotetewa hapa inabadilisha swali la kwanza la mbinu za utafiti. Badala ya kuuliza utafiti utumie kifaa gani, tunauliza ni matokeo gani yangeufanya uache dai lake, na kama utaratibu uliochaguliwa unaweza kuyaleta matokeo hayo. Swali hilo likijibiwa, suala la kifaa hujibika kwa urahisi: wakati mwingine ni sampuli kubwa, wakati mwingine ni vinasaba, wakati mwingine ni kumfuata mwindaji msituni. Lisipojibiwa, hakuna fomula inayoweza kuliziba pengo. Utafiti wa maelezo nao haujasamehewa. Anayewahoji wazee kuhusu historia ya ukoo anaweza na anapaswa kusema ni ushuhuda wa nani, katika ukoo gani hasimu, ungemlazimisha abadilishe simulizi lake.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba kila pendekezo la utafiti la shahada za juu, kabla ya kufika kwenye ukubwa wa sampuli, liwe na aya inayotaja matokeo yatakayomfanya mtafiti aseme “nilikosea”, na mtahini aanzie hapo. Mwanafunzi asiyeweza kuiandika aya hiyo hajawa tayari kwenda uwandani. La pili ni kwamba tasnifu ambayo dhana yake ilishindwa kwa utaratibu mzuri ipewe alama sawa na ile ambayo dhana yake ilifaulu, kwa kuwa kazi ya kisayansi iliyofanyika ni ileile. Bila hilo tutaendelea kuwafundisha wanafunzi kuchagua maswali yasiyoweza kuwaangusha. Kuhusu fuvu la Kalenga, uchambuzi wa vinasaba ungeweza leo kulipa suala hilo jaribio ambalo mwaka 1953 halikufanyika. Kama lifanyike au lisifanyike ni uamuzi wa ukoo wa Mkwawa, si wa mtafiti, na kukataa kwao hakutakuwa kosa. Ila atakayesimama darasani, hasa katika chuo kikuu kishiriki cha elimu kinachoitwa kwa jina la Mtwa huyo, anao wajibu wa kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya lile tunaloliheshimu na lile tulilolithibitisha, na kuwafundisha kuvilinda vyote viwili bila kuvichanganya.